Kiota cha tumbusi kwenye simu: kinachoonekana ukiwa Butembo, na kisichoonekana Rwindi

Ikifika saa tisa za alasiri hapa Butembo, kule California, nchini Marekani, ndipo kunapambazuka. Mtu mwenye simu na mega za kutosha anaweza kufungua kamera inayorusha picha moja kwa moja kutoka kwenye pango la mlimani, ambamo kondori, ndege mkubwa anayekula mizoga, analea mtoto wake. Kuanzia mwezi wa nne au wa tano, kifaranga akishaanguliwa, kinachoonekana ni mwamba, vumbi, na kidude cha manyoya ya kijivu kimelala kama mfuko uliosahauliwa sokoni.

Mara nyingi hakuna kinachotokea. Nusu saa inapita. Kifaranga anainuka, anajinyoosha bawa moja, analala tena. Halafu kivuli kinapita juu ya mwamba, mzazi anatua, na yule mvivu anageuka mtu mwingine kabisa: anapiga mabawa, anapiga magoti, anaingiza kichwa chake chote ndani ya mdomo wa mzazi ili apate nyama iliyohifadhiwa kooni. Dakika chache tu, kazi imekwisha. Mzazi anaondoka, na anaweza kukawia hadi kesho yake.

Sisi tumezoea kumwona ndege wa mizoga kama alama ya kifo. Wengi tunamwita tu «tai», au vautour kwa waliosoma darasani kwa Kifaransa; Kiswahili kina jina lake, tumbusi. Kumtazama akilea mtoto ni jambo lingine. Tumbusi wengi hutaga yai moja tu. Baba na mama hulalia kwa zamu, karibu miezi miwili. Tumbusi wa mgongo mweupe, ambaye ni wa Afrika yetu, humlisha mtoto kiotani kwa miezi minne hivi kabla hajaruka. Kwa kondori ni karibu miezi sita, na jozi moja kwa kawaida hupata mtoto mmoja kila miaka miwili. Ukimwua tumbusi mzima mmoja, kumpata mwingine wa kushika nafasi yake ni kazi ya miaka mingi.

Waliobaki 22

Tukubaliane kwanza kwamba kondori wa Amerika si ndugu wa karibu wa tumbusi wetu. Wana ukoo tofauti, lakini wanafanya kazi moja: kusafisha. Na historia yake inastahili kujulikana hapa kwetu.

Mwaka 1982 walikuwa wamebaki kondori 22 duniani kote. Mwaka 1987 yule wa mwisho aliyekuwa bado porini alikamatwa na kupelekwa kizuizini pamoja na wenzake, 27 kwa jumla, ili wazalishwe kwa mikono ya watu. Wengi waliona ni wazimu. Kuanzia 1992 watoto wao wakaanza kurudishwa porini, na leo kondori wamepita 500, ukihesabu wa porini na wa kizuizini. Adui wao mkubwa amekuwa risasi, lakini si ile inayowapiga: ni vipande vya madini ya risasi vinavyobaki ndani ya nyama ya mnyama aliyewindwa, wao wakavimeza. Jimbo la California lilikataza kabisa risasi za aina hiyo katika uwindaji mwaka 2019.

Kamera ya moja kwa moja kwenye kiota cha kondori wa porini ilianza mwaka 2015, kwa ushirikiano wa idara ya serikali ya Marekani inayosimamia wanyama, bustani ya wanyama ya Santa Barbara, na maabara ya ndege ya chuo kikuu cha Cornell. Haikuwekwa kwa ajili ya kuburudisha watu tu. Wataalamu walikuwa wamegundua kwamba wazazi huokota vizibo vya chupa, vigae vya kioo na vipande vya plastiki, kisha huwalisha watoto wao pamoja na nyama. Takataka hizo huziba tumbo na kifaranga hufa polepole. Anayefuatilia kiota kila siku huona mapema kwamba mtoto hakui vizuri, na watu wanapanda mwamba kwenda kumtibu.

Kuna siku moja ambayo waliokuwa wakitazama hawawezi kuisahau. Agosti 2020, moto mkubwa ulioitwa Dolan uliikumba pwani ya Big Sur, huko huko California, ambako shirika la Ventana Wildlife Society lilikuwa na kamera kwenye kiota kilichokuwa ndani ya mti mrefu. Kifaranga aliitwa Iniko. Watu waliona mwanga wa moto ukikaribia, kisha picha ikakatika. Kwa siku kadhaa hakuna aliyejua kilichompata. Kondori 12 walipotea katika moto ule, lakini Iniko alikutwa hai.

Kamera nyingine iko Lubero

Picha za Big Sur zilikuwa zinapita kwenye mtandao wa explore.org. Msomaji wa Butembo afahamu kwamba mtandao huo huo umeonyesha dunia nzima picha za kutoka Kasugho, katika wilaya ya Lubero.

Huko ndiko kuliko kituo cha GRACE, kilichoanzishwa mwaka 2009, kituo pekee duniani kilichotengwa kwa ajili ya gorila wa Grauer walioachwa yatima na wawindaji haramu. Gorila hawa hawapatikani popote duniani isipokuwa mashariki mwa Kongo. Katikati ya miaka ya 1990 walikadiriwa kuwa karibu 17,000. Hesabu iliyotolewa mwaka 2021 iliwaweka kwenye 6,800. Kamera ya Kasugho iliwawezesha watu wa Ulaya na Marekani kuwaona wakila, wakigombana, wakipumzika msituni, huku wengi wetu, tulio karibu kabisa, hatukujua hata kwamba kamera hiyo ipo.

Na haikuishia kwenye picha. Oktoba 2024, majike wanne waliolelewa Kasugho, Isangi, Lulingu, Mapendo na Ndjingala, waliingia porini katika mlima Tshiabirimu, ndani ya mbuga ya Virunga, wakamfuata dume wa msituni anayeitwa Mwasa. Kabla ya hapo mlima ule ulikuwa umebaki na gorila wanane tu.

Kwa hiyo yule atakayesema kamera ya namna hii ni jambo la wazungu, haliwezekani kwetu penye vita na barabara mbovu, ajibiwe kwamba limekwisha kuwezekana, tena Lubero. Gorila ana marafiki wengi duniani kwa sababu uso wake unafanana na wetu. Tumbusi hana bahati hiyo, maana ana shingo tupu na ananuka.

Sumu ya simba, kifo cha tumbusi

Uwanda wa Virunga, kuanzia Rwindi na Vitshumbi hadi Ishango, ni nchi ya tumbusi. Kuna wa mgongo mweupe, wanaojenga juu kabisa ya miti mirefu. Kuna wadogo wenye manyoya shingoni kama kofia ya sufu. Kuna wa Rüppell, wanaozaa kwenye magenge, kama yale ya Hell's Gate nchini Kenya, na wanaoweza kuruka zaidi ya kilomita 100 kwa siku kutafuta chakula. (Tumbusi wa Rüppell ndiye aliyegongana na ndege ya abiria juu ya Abidjan mwaka 1973, kwenye urefu wa zaidi ya mita 11,000. Hakuna ndege mwingine anayejulikana kufika huko.) Mwaka 2015 aina hizi tatu ziliwekwa pamoja kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio karibu kabisa kutoweka, ngazi ya mwisho kabla ya kusema wamekwisha porini.

Utafiti uliochapishwa mwaka uliofuata ulichunguza vifo zaidi ya 7,800 vya tumbusi katika nchi mbalimbali za Afrika. Asilimia 61 walikufa kwa sumu. Asilimia 29 waliuawa ili viungo vyao viuzwe kwa ajili ya dawa za kienyeji na uchawi. Wengine waliuawa na nyaya za umeme.

Hadithi ya sumu mara nyingi inaanza na ng'ombe. Simba anakula ng'ombe wa mtu, mwenye ng'ombe anachukua dawa ya kuulia wadudu wa shamba, anaimwaga juu ya mzoga. Simba akirudi, anakufa. Fisi anakufa. Lakini tumbusi hawaji mmoja mmoja. Mmoja akishuka, wengine wanamwona kutoka mbali na wanashuka, na mzoga mmoja unamaliza makumi, pengine mamia. Mwezi wa sita 2019, huko Botswana, walihesabiwa 537 waliokufa kwa sababu ya mizoga mitatu ya tembo iliyotiwa sumu. Pale ilikuwa makusudi ya wawindaji haramu: tumbusi wakizunguka angani wanawaonyesha walinzi mahali tembo alipouawa. Muuaji anamaliza kwanza mashahidi.

Kwa upande wetu, tukio la karibu zaidi liko ng'ambo ya mpaka tu. Machi 2021, katika eneo la Ishasha la mbuga ya Queen Elizabeth, Uganda, simba sita walikutwa wamekufa, vichwa na miguu vimekatwa. Kando yao kulikuwa na tumbusi wanane waliokufa. Miaka mitatu kabla, katika mbuga hiyo hiyo, karibu na kijiji cha Hamukungu, simba 11 waliuawa kwa sumu. Tumbusi hana paspoti. Wanaokula Ishasha asubuhi wanaweza kuwa Rwindi jioni, na anayekufa upande ule anaweza kuwa ameacha mtoto kiotani upande huu, ambaye hakuna kamera wala mtu wa kujua kwamba anasubiri.

Viboko wa mwezi wa nne

Kwa nini mkaaji wa Beni au Butembo, mwenye matatizo yake ya usalama, ya bei ya unga na ya karo ya shule, ajisumbue na ndege huyu? Jibu fupi ni samaki.

Aprili 2025 uongozi wa Virunga ulitangaza kwamba viboko wasiopungua 50, pamoja na nyati, wamekufa kwa kimeta, ugonjwa ambao waganga wa mifugo wetu huuita charbon. Mizoga ilionekana ikielea katika mto Ishasha, unaoingia katika ziwa Édouard. Wakaaji waliombwa wasiguse wala kula nyama ya wanyama hao, na wachemshe maji. Hilo ni ziwa la Kyavinyonge na Vitshumbi, ziwa linalotuletea samaki katika masoko ya Butembo na Beni. Ni pia ziwa lililokuwa na viboko karibu 29,000 katika miaka ya 1970, kabla vita na uwindaji haujawashusha chini ya 1,000 katikati ya miaka ya 2000. Hesabu ilikuwa imeanza kupanda tena ndipo kimeta kikaja.

Mzoga wenye ugonjwa ukilala siku nyingi, mbwa wanakuja, panya wanakuja, nzi wanakuja, maji ya mvua yanaupeleka mtoni. Tumbusi wakifika, kundi lao humaliza mnyama mkubwa kwa muda mfupi, na asidi ya tumbo lao ni kali kiasi cha kuua vijidudu vingi ambavyo vingemuua mbwa au mtu. Majaribio yaliyofanywa Kenya yalionyesha kwamba mzoga usiofikiwa na tumbusi ulichukua karibu mara tatu ya muda hadi kuisha, na wanyama wengine waliokutana hapo waliongezeka. Siandiki kwamba tumbusi wangeizuia kimeta ya Ishasha. Mzoga unaoelea katikati ya mto si rahisi kwao pia. Lakini watu waliopitia Ebola ya 2018 hadi 2020, hapa hapa Beni na Butembo, hawahitaji somo refu kuhusu kinachoweza kutoka katika mnyama aliyekufa.

India walilipa bei yake. Katika miaka ya 1990 wafugaji walianza kuwapa ng'ombe diklofenaki, ile «diclo» ya maumivu ambayo kila mtu hapa anaijua dukani. Kwa mtu ni dawa. Kwa tumbusi anayekula mzoga wa ng'ombe aliyepewa dawa hiyo ni sumu: figo zinakufa, na yeye anafuata. Zaidi ya asilimia 95 ya tumbusi wa aina tatu walitoweka, na sababu ilijulikana mwaka 2004 tu. India ilikataza dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006. Mwaka 2024 wanauchumi wawili, Eyal Frank na Anant Sudarshan, walichapisha hesabu yao: katika miaka mitano kuanzia 2000, watu wapatao 500,000 walikufa zaidi ya kawaida katika wilaya zilizopoteza tumbusi wao. Mbwa waliongezeka pamoja na kichaa chao, na mizoga ilichafua maji.

Wafugaji wa milima ya Lubero wana ng'ombe wengi, na ng'ombe wanaumwa. Ipo dawa nyingine ya maumivu ya mifugo, meloksikamu, iliyothibitishwa kuwa haiwadhuru tumbusi. Daktari wa mifugo anayeandika jina hilo badala ya lile lingine kwenye karatasi yake hana gharama kubwa ya kuongeza. Ni jambo ambalo idara ya mifugo ya jimbo ingeweza kuliamua bila kungoja fedha za mfadhili yeyote.

Nani atapanda mti?

Tuseme mtu anataka kuweka kamera kwenye kiota cha tumbusi ndani ya Virunga. Vifaa si tatizo kubwa: kamera, sahani ya jua, betri, na njia ya kupeleka picha. Kondori wa California nao wako bondeni pasipo umeme, na sahani za jua zinatosha.

Tatizo ni watu. Rwindi na Vitshumbi viliingia mikononi mwa M23 mwezi wa tatu 2024. Upande wa Beni, ADF wameua raia kwa miaka zaidi ya kumi, na walinzi wa mbuga wenyewe wamezikwa wengi mno. Katika hali hiyo, kumtuma kijana apande mti akafute kioo cha kamera ni kitu ambacho sitathubutu kukipendekeza. Ishango, kwenye mdomo wa Semliki, pengine pangefaa zaidi siku utulivu ukirudi.

Na kuna swali ambalo wapenzi wa kamera hawalipendi. Kiota kikionekana na dunia nzima, kinaonekana pia na muuza vichwa. Mwanzoni mwa 2020, Guinea-Bissau ilipoteza tumbusi zaidi ya 2,000 kwa sumu, na waliokuwa wakitafuta viungo vyao kwa ajili ya imani za kienyeji walitajwa kuwa nyuma yake. Kamera yoyote kwetu italazimika kuficha mahali, kutoonyesha mlima wala mto nyuma ya mti. Na mega? Video, hata ya ubora wa chini, hula mamia ya mega kwa saa. Mwanafunzi wa Butembo hawezi kulipa franga hizo kila siku ili amwone ndege akilala. Ingefaa zaidi picha moja kila dakika kumi, au kipande kifupi cha jioni kinachopita kwenye WhatsApp, kama vile habari zetu zote zinavyopita.

Wakati huo wote, kuna tumbusi mmoja asiyedai kamera. Mkaaji wa Beni, Mutwanga au Oicha anaweza kumwona bure, maana anakula ngazi. Ndiyo, ngazi zile zile za mawese: anabandua nyama ya tunda kwa mdomo wake, ingawa anakula pia kaa, samaki na mizoga midogo. Kwa Kifaransa ni vautour palmiste. Ni mdogo kuliko wenzake, mweupe mwilini, mweusi kwenye mabawa, na ngozi nyekundu kuzunguka jicho. Kinda wake ni wa rangi ya kahawia hadi afikie miaka kadhaa, ndiyo maana wengi humdhania kuwa ni mwewe. Naye hutaga yai moja, juu ya mti mrefu, mara nyingine kwenye mchikichi wenyewe. Asubuhi, jua likianza kupasha moto bonde la Semliki, ndipo anapoanza kuzunguka.